Nyekundu Isiyo na Masizi

Inspekta aliinama mpaka pua yake ikakaribia paa la stesheni. Stesheni nzima ilienea juu ya meza ya kulia chakula, katikati ya ukumbi mtupu. Ilikuwa na jukwaa lake, benchi la abiria lililolingana na kidole gumba, kengele ndogo kama punje ya mtama, na safu ya nguzo nyembamba kama njiti za kiberiti. Nguzo zilikuwa nyekundu. Vyuma vya madirisha navyo vyekundu. Milango ilikuwa na weupe uliofifia, kama maziwa yaliyozidiwa maji.

"Umeona mwenyewe," alisema Dada Mkubwa, akiwa amesimama nyuma yake na mkoba kwapani. "Nyekundu! Stesheni ya Baba ilikuwa kijani. Nguzo kijani, madirisha kijani, milango kijani, inang'aa mpaka unachania nywele mbele yake. Halafu huyu kinyozi anasimama mbele za watu anasema aliiona kwa macho yake. Macho gani? Ya kisogoni?"

"Rangi hii haing'ai kabisa," alisema Inspekta.

"Si ndiyo nakwambia? Hata kuongopa hajui."

Inspekta alipapasa nguzo moja kwa ncha ya ukucha. Mama huyu alikwishastaafu polisi, lakini jina la Inspekta lilikuwa limemganda, na hata muuza nyama alimwita hivyo wakati wa kumpimia mifupa. Kesi hii alikuwa ameipokea jana. Haikuwa na maiti wala mwizi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Dada Mkubwa alikuwa kifungua mimba wa mkuu wa mwisho wa stesheni ya zamani, ile iliyobomolewa reli ilipohamishwa. Alikuwa na wadogo wawili wa kiume, na kwa maisha yao yote walijihesabu watatu. Mwaka huu akajitokeza kinyozi wa mtaa wa chini na mfano huu wa stesheni, alioujenga nyuma ya kibanda chake cha kunyolea. Uongozi wa reli uliupenda, ukaupa meza katikati ya ukumbi wao mpya wa kumbukumbu. Hapo ndipo kinyozi aliposema neno lililowasha moto: mkuu wa stesheni alikuwa baba yake pia.

Mama yake kinyozi alikwishafariki, na mkuu wa stesheni vilevile. Hakuwa na cheti wala shahidi. Alichokuwa nacho ni siku moja tu ya utotoni, siku ambayo mama yake alimpeleka stesheni kuonyeshwa baba, na rangi alizoziona siku hiyo. Leo alasiri ukumbi ungefunguliwa, na watoto wa mkuu wa stesheni wangeitwa mbele kuvuta kitambaa na kuufunua mfano. Kinyozi aliomba jambo moja: asimame pamoja nao.

"Nikumbushe mlivyokubaliana," alisema Inspekta.

"Rangi ndiyo hakimu. Kama stesheni iliwahi kuwa hivi hata kwa siku moja, nitamwita ndugu yangu kwenye kipaza sauti. Kama haikuwa, mdoli wake huu unatoka nje, na neno Baba asilitamke tena mbele yangu. Yeye kakubali, mimi nimekubali. Mimi si kigeugeu."

"Tangu unazaliwa ilikuwa kijani?"

"Nilipokuwa mdogo sana ilikuwa kahawia, imebabuka kama mgongo wa kenge. Halafu ikapakwa kijani, ikabaki kijani mpaka siku wanaibomoa."

"Uliwaona wakiipaka?"

"Nilikuwa na pumu, Inspekta! Harufu ya rangi ingenizika. Baba alitupakia kwenye treni, mimi, wadogo zangu na Mama, tukaenda kwa Bibi. Tuliporudi nilikataa kushuka, nikadhani tumefika stesheni ya watu wengine."

"Mliondoka ikiwa kahawia, mkarudi ikiwa kijani."

"Sasa hapo nyekundu umeisikia wapi?"

"Sijaisikia," alikiri Inspekta.

Dada Mkubwa alisogea karibu, akapunguza sauti. "Na nikuambie alikoiokota. Mkabala na kibanda chake kuna studio ya picha. Dirishani wametundika picha ya stesheni yetu, ya zamani, imetiwa rangi. Huyo bwana ananyoa watu huku anaitazama, mwaka nenda mwaka rudi. Nenda ukaone."

*

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, na mteja mmoja aliyekuwa na povu shavu zima. Nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu palionekana meza ya kazi: vipande vya mbao laini, gundi, na brashi zilizobaki na nywele chache.

"Nina maswali," alisema Inspekta.

"Amalize shavu la pili kwanza, Mama," alisema mteja. "Ukimkamata sasa hivi mke wangu hatanifungulia mlango."

"Simkamati mtu. Endelea kunyoa, nijibu huku unanyoa." Alivuta stuli, akakaa. "Siku ile. Nani alikuwepo stesheni?"

Kinyozi alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye mikono iliyotulia kuliko sauti yake. "Mimi, mama yangu, na yeye. Na mafundi wawili juu ya ngazi."

"Watoto?"

"Sikumwona mtoto. Niliikuta baiskeli ya magurudumu matatu, nikaiendesha jukwaa zima. Hakuna aliyeninyang'anya."

"Yeye alisema nini?"

"Alinishika mkono, akanitembeza. Nilitaka kuishika nguzo. Akanizuia." Wembe ulisimama hewani kidogo, kisha ukaendelea. "Alisema, 'Usiiguse, imelala.' Nikadhani nguzo ni mnyama. Nilitembea kwa ncha za vidole mpaka treni yetu ilipokuja."

Mteja alicheka, povu likamrukia kinyozi shatini.

"Hilo la kulala umemwambia nani?" aliuliza Inspekta.

"Nimwambie nani, Mama? Watu wananicheka kwa rangi tu. Nikiwaambia nguzo ilikuwa imelala watanifunga kamba."

"Basi usimwambie mtu mpaka leo ipite. Kwa nini rangi zako hazing'ai?"

"Kwa sababu hazikuwa zinang'aa. Fundi wa duka la rangi alinisihi ninunue zenye kung'aa. Nikakataa. Zilikuwa zimefubaa, kama kucha."

Inspekta aligeuka kutazama nje. Ng'ambo ya barabara, dirisha la studio lilionekana wazi, na ndani yake picha kubwa yenye fremu. Kutoka kwenye kiti cha kunyolea mtu angeiona hata akiwa amesinzia. Hilo lilikuwa baya kwa kinyozi. Alisimama, akavuka barabara.

Picha ilikuwa ya stesheni ile ile, nguzo zile zile, kengele ikining'inia kwenye nguzo ya tatu. Nguzo zilikuwa za bluu. Milango ilikuwa ya manjano.

"Nani aliipaka?" Inspekta alimwuliza mpiga picha.

"Mimi mwenyewe, kwa pamba na kijiti! Zamani picha zote zilitoka nyeusi na nyeupe, rangi tulitia kwa mkono." Mpiga picha alifuta kioo kwa kiwiko, kwa fahari. "Mteja hakurudi kuichukua, nikaitundika."

"Stesheni ilikuwa ya bluu?"

"Nitajuaje? Sijawahi kufika huko. Treni inanitapisha. Siku hiyo kichupa cha bluu kilikuwa wazi, nikaona kisikauke bure."

"Kwa hiyo umeipaka uongo."

"Nimeipaka bluu, Mama. Uongo ni mtu akiuliza."

Inspekta alirudi barabarani akitembea polepole. Dada Mkubwa alikuwa amekosea jambo moja. Kama kinyozi angenakili dirishani, mfano wake ungekuwa wa bluu. Na kama angetaka kudanganya bila kunakili, mzee yeyote aliyewahi kupanda treni ile angemwambia "kijani" kabla hajamaliza kuuliza. Mwongo huchagua rangi ambayo watu wataikubali. Huyu alikuwa amechagua ambayo hakuna aliyeikubali, na bado alikataa kuibadilisha.

Lakini hilo halikuwa ushahidi. Mtu anaweza kukosea kwa moyo safi.

*

Nguzo za stesheni ya zamani hazikutupwa. Karakana ya reli ilizichukua, ikazijengea banda la baiskeli za wafanyakazi. Sasa zilikuwa za kijivu. Mlinzi alimfungulia Inspekta kwa mashaka, kisha akasimama kumtazama.

Kwanza alihakikisha ni zenyewe. Alizikagua moja moja hadi alipoikuta ile iliyokuwa na bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu nne, na ndoano iliyotokeza katikati. Hapo ndipo kengele ilikuwa ikining'inia kwenye picha.

Alifungua mkoba wake, akatoa wembe, msasa, kitambaa cheupe, kichupa cha mafuta ya taa na kioo cha kukuzia. Alianza kusugua pahali padogo pasipozidi sarafu, akizungusha msasa taratibu, bila kukandamiza. Kazi hii alijifunza zamani kwenye magari ya wizi yaliyobadilishwa rangi. Ukisugua vizuri, rangi hujipanga kama miduara ya shina la mti, changa nje na kongwe katikati.

Kijivu kilitoka. Chini yake kikaja kijani. Dada Mkubwa hakusema uongo. Inspekta alisugua zaidi, kijani kikapungua, na katikati ya duara kikatokea kitone chekundu.

"Ee!" alisema mlinzi. "Inatoka damu!"

Inspekta alipaka mafuta kidogo, akaweka kioo. Ilikuwa nyekundu ile ile, ya tofali. Chini yake, chuma kitupu.

Alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Kahawia ilikuwa wapi?

Alilegeza skrubu za bamba la kengele, akaling'oa. Nyuma yake, pahali ambapo mkono wa fundi haukufika, palikuwa na kahawia, imebabuka kama mgongo wa kenge. Kwa hiyo kahawia ilikwanguliwa yote mpaka kwenye chuma, isipokuwa chini ya bamba. Halafu ikapakwa nyekundu. Halafu kijani. Mpangilio haukuwa na shaka.

Ila sasa maneno ya Dada Mkubwa hayakukaa sawa. Aliondoka ikiwa kahawia, akarudi ikiwa kijani. Stesheni yenye pilikapilika kama ile haiwezi kuwa nyekundu bila mkubwa wa watoto wa nyumba ile kujua, labda awe anaficha. Na Inspekta alikuwa amemtazama usoni asubuhi. Mwanamke yule alikuwa na ulimi wa pilipili, lakini hakuwa mfichaji.

"Nakuja," alimwambia mlinzi. "Mtu asiiguse."

Alitoka kutafuta maji ya kunywa. Upande wa pili wa barabara fundi mageti alikuwa ameanika kazi zake ukutani: mageti, madirisha, kitanda cha chuma. Vyote vilikuwa vyekundu, rangi moja kama sare za shule, na hakuna hata kimoja kilichong'aa. Inspekta alikuwa amepita mbele ya mageti ya namna hiyo maisha yake yote. Leo alisimama.

"Karibu, Mama. Geti au dirisha?"

"Wateja wako wote wanapenda nyekundu?"

Fundi alicheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea. "Hiyo si rangi, Mama. Hiyo ni praima, ya kuzuia kutu. Ni fulana ya ndani. Wewe ukinunua utaniambia unataka shati gani juu yake, nyeusi, kijani, upendavyo."

"Na mtu hukaa na fulana peke yake muda gani?"

"Ikikauka tu anavaa shati. Siku mbili tatu. Anayeacha hivyo hivyo ni mvivu."

"Na mbao? Mlango wa mbao unavaa fulana gani?"

"Nyeupe. Nyeupe iliyofubaa, haina mng'ao. Mbona unatokwa jasho, Mama? Kaa kivulini."

Inspekta hakukaa. Alirudi bandani nusu akikimbia, mlinzi akaruka pembeni. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa. Treni za siku zile zilikula makaa ya mawe, na kila kilichokuwa karibu na reli kilimezwa na masizi. Alikwangua kijivu kidogo tu, akaacha uso wa kijani wazi, akaufuta. Kitambaa kilitoka cheusi. Kijani kiliishi na treni miaka mingi. Alifuta ukingo wa kahawia chini ya bamba. Cheusi tena.

Kisha akakunja kitambaa upande safi. Kwa ncha ya wembe alibandua kipande cha kijani kama anayemenya yai, nyekundu ikabaki imekaa peke yake juani. Akaifuta.

Kitambaa kilibaki cheupe.

Alifuta tena, kwa nguvu. Cheupe.

"Kuna nini hapo?" aliuliza mlinzi.

"Hakuna kitu," alisema Inspekta, na sasa tabasamu lilikaa. "Hakuna kitu kabisa, baba. Nisaidie kukunja vitu vyangu, nina shughuli ya kuwahi."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vilipangwa mpaka mlangoni, na mfano wa stesheni ulikuwa mezani chini ya kitambaa. Dada Mkubwa alikuwa amekaa mbele na wadogo zake, mmoja mnene, mwingine kitinda mimba mwenye mvi za mapema. Kinyozi alisimama ukutani, peke yake, amevaa koti lililonyooshwa vizuri. Mkononi alishika kopo dogo la rangi na brashi.

Inspekta aliwaita wote wanne kwenye meza. Alifunua kitambaa upande mmoja ili wauone mfano.

"Ilikuwa kijani," alisema. "Dada Mkubwa amesema kweli."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Dada Mkubwa alivuta pumzi ya ushindi, akafungua mdomo.

"Sijamaliza. Kabla ya kijani ilikuwa kahawia. Hilo nalo ni kweli. Na katikati yake ilikuwa nyekundu, nyekundu hii hii, isiyong'aa, na milango yenye weupe uliofubaa. Ni rangi ya chini, ya kuzuia kutu, hupakwa kwanza halafu inafunikwa."

"Mimi sikuiona!" alisema Dada Mkubwa.

"Usingeiona. Ulikuwa kwa Bibi." Inspekta alitandika kitambaa chake mezani. "Haya madoa mawili ni masizi ya treni, kutoka kwenye kahawia na kijani. Hapa nilifuta nyekundu. Angalieni. Hata chembe. Stesheni ile ilivuta moshi mchana na usiku. Nyekundu isiyo na masizi ilikaa siku chache tu, mpaka ilipokauka. Siku ambazo pumu yako ilikuweka mbali."

Mnene alikitazama kitambaa, akamtazama dada yake.

"Mtu aliyesikia habari za stesheni angesema kijani," aliendelea Inspekta. "Aliyenakili picha ya studio angesema bluu. Aliyeishi pale angesema kijani, kama ninyi. Ukiacha mafundi, nyekundu anaijua mtu mmoja tu: aliyeletwa stesheni siku zile zile ambazo mke na watoto hawapo. Sasa mniambie ninyi, ni mgeni gani ambaye mtu humkaribisha siku kama hizo, akamshika mkono, akamtembeza?"

Inspekta aliwageukia wadogo wawili.

"Anasema aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu."

"Baiskeli yangu?" Kitinda mimba alishtuka. "Mama alikataa tuipakie kwenye treni. Nililia njia nzima!"

"Kama ungekuwepo, ungemwachia?"

"Nisingemwachia hata malaika." Alimgeukia kinyozi. "Uliiendesha?"

"Ilikuwa inavuta kushoto," alisema kinyozi.

"Kwa sababu nilimgonga nayo mbuzi!" Kitinda mimba alianza kucheka, kicheko cha juu, watu wa viti vya nyuma wakanyanyuka kuona kuna nini. Mnene naye akacheka, tumbo likitikisa meza, na kengele ya mtama ikatetemeka kwenye nguzo yake.

Dada Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, kama Inspekta alivyoinama asubuhi, akiangalia nguzo moja baada ya nyingine. Mshereheshaji alipiga kipaza sauti kidole, akawaangalia.

"Dada," alisema kinyozi. "Mimi nimeshinda, inatosha. Sitaki stesheni ya Baba mliyoijua ninyi ibadilike machoni pa watu. Nimekuja na kijani." Alifungua kopo, akachovya brashi, akainyoosha kuelekea nguzo ya kwanza.

Dada Mkubwa alimdaka kifundo cha mkono.

"Usiiguse," alisema. "Imelala."

Kinyozi aliganda. Inspekta alimtazama, kisha akamtazama Dada Mkubwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na swali. Tone la kijani lilianguka sakafuni katikati ya viatu vyao.

"Alikuwa anasema hivyo kwa kila kitu," alisema Dada Mkubwa, bila kumwachia mkono. "Rangi mbichi. Sufuria ya moto. Saa yake ya mfukoni. Mpaka Mama akawa anamcheka." Alimnyang'anya brashi, akampa Mnene ashike. "Iache nyekundu. Nataka kuiona hiyo siku ambayo sikuwepo."

"Watoto wa mkuu wa stesheni!" aliita mshereheshaji. "Tunaomba watoto wote watatu wa marehemu wasogee kwenye kitambaa!"

Dada Mkubwa alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kipaza sauti, akakichukua mkononi mwa mshereheshaji bila kuomba.

"Umehesabu vibaya, baba," alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi mpaka mlangoni. "Tuko wanne. Na huyu mdogo wangu hapa ndiye atakayevuta, maana sisi wengine tulikuwa kwa Bibi."